Claude Bernard na Sikio la Sungura

Asubuhi ni baridi katika vilima vya Masisi. Mtoto anayechunga ng'ombe kabla ya jua kupanda hukunja mikono yake kifuani, maana vidole vyake vimepauka na kufa ganzi. Akikaribia moto, damu hurudi na vidole hupata uzima. Huko chini Walikale, katika msitu wenye joto, mtu abebaye mzigo mgongoni hutoka jasho jingi, na uso wake huwa moto. Ni nani aliyeiamuru damu iondoke vidoleni mwa mtoto yule? Ni nani aliyeliita jasho litoke usoni pa mtu huyu? Si wao wenyewe. Hata aliyelala usingizi mzito, damu yake huongezeka hapa na kupungua pale, wala yeye hajui.

Mungu Muumba ameweka ndani ya miili yetu watumishi wasiolala. Hao ni mishipa ya fahamu, nyuzi nyembamba nyeupe zipelekazo amri mahali pote pa mwili. Baadhi yao hutii mapenzi yetu, kama ile inayoinua mkono. Lakini ipo mingine ambayo haingoji amri yetu: huendesha moyo, huleta jasho, hufungua na kufunga njia za damu. Waganga huiita mishipa ya simpatiki. Leo twasimulia maisha ya mtu aliyeonyesha mojawapo ya kazi zake kubwa. Jina lake ni Claude Bernard.

Mtoto wa mashamba

Claude Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, nchi ya Ufaransa, si mbali na mji wa Lyon. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba la mizabibu, wakiishi kwa kuvuna zabibu na kutengeneza divai. Hawakuwa matajiri. Mtoto alibatizwa, akalelewa katika imani ya kanisa, akatumikia altareni. Padri wa parokia aliona akili yake, akamfundisha Kilatini. Ndivyo alivyoweza kuingia shule ya Majezuiti katika mji wa Villefranche, na baadaye shule nyingine huko Thoissey. Tukumbuke jambo hili: mlango wa kwanza wa elimu, mtoto huyu wa mkulima alifunguliwa na padri wa kijiji chake.

Lakini fedha hazikutosha kuendelea na masomo. Mwaka 1832 akapelekwa karibu na Lyon, awe mwanafunzi katika duka la mwuza dawa. Huko alifagia, aliosha chupa, na kupeleka dawa kwa watu. Katika duka lile kulikuwa na dawa moja ya kale iliyosifiwa sana, ambayo watu waliamini kwamba huponya karibu kila ugonjwa. Kijana aliona jinsi ilivyotengenezwa: mabaki ya dawa nyingine, na hata zile zilizoharibika, hazikutupwa, bali zilitiwa zote ndani yake. Hata hivyo watu walinunua na kusifu. Kijana akacheka moyoni, lakini pia akajiuliza: je, waganga wenyewe wanajua kweli dawa zao hufanya nini mwilini? Swali hili halikumwacha tena mpaka kufa kwake.

Na sisi tujiulize. Sokoni na njiani hupita watu wenye chupa moja wanayosema huponya tumbo, macho, utasa na homa. Anayeuza ana maneno mengi, wala haonyeshi ushuhuda. Swali la kijana yule lingewafaa wengi wetu.

Njia isiyotazamiwa

Claude Bernard hakufikiri kuwa mganga. Alipenda kutunga michezo ya kuigizwa. Mchezo wake mdogo ulichezwa huko Lyon, ukapendwa, naye akaandika mwingine mkubwa. Mwaka 1834 akaondoka kwenda Paris, mji mkuu, akiubeba mfukoni kama hazina yake. Akaupeleka kwa mwalimu mashuhuri, Saint-Marc Girardin. Mwalimu akausoma, kisha akamshauri kwa upole atafute kwanza kazi ya kumlisha. Na kwa kuwa alikwisha kufanya kazi ya dawa, ajifunze uganga.

Kijana mwingine angekasirika. Bernard alikubali shauri. Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Katika mitihani hakuwa wa mbele. Lakini mwaka 1841 akawa msaidizi wa mwalimu François Magendie katika nyumba ya elimu iitwayo Collège de France. Hapo vipaji vyake vilionekana, maana mikono yake ilikuwa hodari kuliko ya mwalimu wake, na macho yake hayakuchoka kutazama. Mwaka 1843 akawa daktari. Mwaka uliofuata alishindwa mtihani wa kuwa mwalimu, akafikiri kurudi kijijini awe mganga wa kawaida.

Mwaka 1845 akamwoa Fanny Martin. Kwa desturi ya nchi ile, si mume aliyetoa mahari kama kwetu, bali jamaa ya mke ndiyo iliyoleta mali. Kwa mali ya mke wake Bernard aliweza kuendelea na uchunguzi. Alifanya kazi katika chumba cha chini, chenye giza na unyevu, ambacho baadaye watu walisema kilimharibia afya.

Ini lenye sukari

Siku zile wataalamu wengi walifundisha kwamba mimea peke yake huweza kutengeneza sukari, na kwamba mnyama huila tu na kuitumia. Bernard akamlisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu itokayo katika ini lake. Akakuta sukari. Wakati ule, mwaka 1848, kusema hivyo kulikuwa kuwapinga wakubwa. Naye hakupigana kwa maneno, alirudia kupima. Mwaka 1855 alichukua ini la mnyama, akalipitishia maji mpaka sukari yote ikaisha, akaliacha. Siku ya pili akalipima tena: sukari imerudi. Ini lenyewe lilikuwa na akiba, nayo ikageuka kuwa sukari. Mwaka 1857 aliitenga akiba hiyo, akaiita glikojeni. Wagonjwa wa sukari wanaotunzwa leo katika hospitali zetu wanafaidi ujuzi ulioanzia hapo.

Sikio la sungura

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Pande zote mbili za shingo, karibu na mishipa mikubwa ya damu, hupita mshipa wa fahamu wa simpatiki kupanda kichwani. Tangu mwaka 1727 wataalamu walijua kwamba ukikatwa katika mnyama, mboni ya jicho la upande ule huwa ndogo. Wengi waliukata baada ya hapo, na wote walitazama jicho. Bernard naye alikuwa ameukata mara nyingine, akatazama jicho kama wenzake.

Mwaka 1851 alikuwa na wazo jipya. Aliamini kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayosaidia kuwasha joto la mwili. Basi, alifikiri, nikiukata mshipa huu, upande ule wa kichwa utapoa. Akachukua sungura, mnyama mdogo ambaye jamaa nyingi za Masisi humfuga nyuma ya nyumba. Akaukata mshipa wa upande mmoja tu wa shingo. Ilikuwa hekima, maana sungura ana masikio mawili: moja limekatiwa mshipa, la pili halikuguswa. Ni mnyama yule yule, chakula kile kile, hewa ile ile. Sikio la pili likawa shahidi wa haki.

Akashika sikio la upande uliokatwa, akitazamia baridi. Kumbe, lilikuwa la moto! Mishipa yake ya damu ilikuwa imevimba, ikaonekana wazi kupitia ngozi nyembamba. Akaweka kipimajoto, nacho kikathibitisha: sikio lile lilizidi lenzake kwa joto, tena kwa digrii kadhaa.

Hapa, ndugu zangu, ndipo mtu hujulikana. Bernard alikuwa na wazo lake, nalo alilipenda. Angeweza kusema kwamba kipimajoto kimeharibika, au kwamba sungura yule ni mgonjwa. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Hakufanya hivyo. Aliliacha wazo lake, akaufuata ukweli uliokuwa mkononi mwake. Tena alikiri baadaye katika maandiko yake kwamba yeye, kama waliomtangulia, alikuwa ameukata mshipa ule zamani bila kuliona joto lile, kwa sababu alitazama jicho tu. Joto lilikuwapo siku zote. Hakuna aliyenyosha mkono kuligusa.

Mwaka uliofuata, 1852, fumbo lilianza kufunguka. Ukichukua ncha ya mshipa uliokatwa, ile iliyo upande wa kichwa, na kuigusa kwa umeme, sikio hupauka na kupoa mara moja. Aliyelitangaza jambo hili mbele alikuwa daktari Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika Bahari yetu ya Hindi, ambaye wakati ule alikuwa Marekani. Bernard naye alilipata mwaka ule ule kwa uchunguzi wake. Maana yake ni hii: mshipa wa simpatiki huiamuru mishipa midogo ya damu ijibane. Ni kama mtu anayeshika mlango wa mfereji shambani. Akiubana, maji hupita kidogo. Akiondoka, maji hujaa. Ukimwondoa mlinzi yule kwa kisu, damu hujaa na sikio huwa la moto. Ndiyo sababu vidole vya mchungaji wa Masisi hupauka asubuhi: mlinzi amefunga mlango wa nje, ili joto lisipotee bali litunze moyo na viungo vya ndani.

Machozi ya nyumbani

Haifai kuficha upande mwingine wa maisha haya. Bernard aliwapasua wanyama walio hai, mbwa na sungura wengi. Katika miaka ya kwanza ya kazi yake dawa za kulaza usingizi zilikuwa hazijajulikana. Etha na klorofomu zilianza kutumiwa mwaka 1846 na 1847. Wanyama waliteseka. Mke wake na binti zake wawili hawakuvumilia, wakawa upande wa wanyama. Watoto wawili wa kiume walikuwa wamekufa wangali wachanga. Nyumba ikawa baridi, na karibu na mwaka 1870 mume na mke wakatengana.

Nani alikuwa na haki? Kanisa linatufundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, na kwamba mtu aweza kuwatumia kwa kuokoa maisha ya watu, lakini hana ruhusa kuwatesa bila lazima. Siku hizi sheria za nchi nyingi zinadai mnyama wa uchunguzi alazwe usingizi na asipate maumivu yasiyo ya lazima. Tunaweza kumshukuru Bernard kwa ujuzi wake, na bado tukasema kwamba huruma ya mama Fanny haikuwa upumbavu. Tena tujue kwamba mtu anaweza kuona mambo yaliyofichika ndani ya ini, asione uchungu wa mwenzake wanaokula meza moja. Kila baba wa jamaa alitafakari hilo.

Heshima na mwisho

Mwaka 1854 aliingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka 1855 akashika kiti cha Magendie katika Collège de France. Katika miaka ya 1860 aliugua sana, akarudi mara nyingi Saint-Julien, kati ya mizabibu ya utoto wake. Hapo alipata muda wa kufikiri. Mwaka 1865 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya njia ya kuchunguza katika uganga. Kitabu hiki chafundisha kwamba mtafuta elimu awe na wazo, lakini awe tayari kulitupa likikanushwa na mambo yenyewe. Mwaka 1869 akafanywa seneta. Siku zote za mavuno alipenda kurudi kijijini.

Alikufa Paris tarehe 10 Februari 1878, mwenye umri wa miaka 64. Serikali ya Ufaransa ilimfanyia mazishi ya heshima ya taifa. Kabla yake hakuna mtaalamu wa sayansi katika nchi ile aliyepewa heshima hiyo. Katika maisha yake makubwa hakuwa mtu wa kusali mbele ya watu, wala hatumweki kati ya watakatifu. Lakini mwishoni Padri Didon, Mdominiko, alikuwa rafiki yake, na maiti yake ilipelekwa kanisani. Mengine ni siri kati yake na Mungu, ajuaye mioyo.

Kisu na sindano

Uzi alioukata Bernard katika shingo ya sungura ulifika baadaye kwa wagonjwa. Mwaka 1899, huko Lyon, karibu na kijiji chake, mpasuaji Jaboulay alijaribu kuondoa nyuzi za simpatiki zilizozunguka mshipa mkubwa wa damu wa paja, ili damu ishuke vizuri mguuni. René Leriche, mpasuaji wa Lyon pia, akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1937 naye akawa mwalimu katika Collège de France, nyumba ile ile ya Bernard. Leriche aliwahurumia hasa watu wenye maumivu yasiyokwisha baada ya jeraha. Wengine walipona, wengine walipata nafuu ya muda tu. Mwaka 1925 yeye na mwenzake Fontaine walitumia sindano ya dawa ya ganzi kuunyamazisha mshipa bila kuukata, wakaona kwamba mara nyingine sindano yatosha.

Kati ya miaka ya 1930 na 1950 wapasuaji waliikata mishipa hii hata kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Dawa nzuri za kumeza zilipopatikana, upasuaji ule uliachwa. Mpaka leo wako wanaokatwa kwa sababu mikono yao hutoka jasho kupita kiasi. Mikono hukauka, lakini mara nyingi jasho huzidi mgongoni na tumboni. Mwili ni mmoja. Ukimfukuza mtumishi mmoja, wengine huona.

Na hapa kwetu? Mama ashindwaye kujifungua hupelekwa hospitali, pengine kwa machela juu ya mabega ya wanaume, kwa saa nyingi. Mara nyingi daktari humdunga sindano ya ganzi mgongoni, njia iliyoanzishwa na daktari August Bier huko Ujerumani mwaka 1898. Miguu ya mama hufa ganzi, tena hupata joto. Kwa nini joto? Kwa sababu ganzi imenyamazisha pia mishipa ya simpatiki, walinzi wameondoka mlangoni, na damu imejaa miguuni. Hilo ni sikio la sungura wa mwaka 1851! Lakini damu ikijaa miguuni, shinikizo laweza kushuka kwa hatari. Ndiyo maana muuguzi hufunga kitambaa cha kupimia mkononi mwa mama, hupima tena na tena, na kumtia maji mshipani. Wale wanaongoja nje wasidhani kwamba anapoteza wakati. Anaulinda uhai wa mama na mtoto.

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, mnajifunza ukweli ulio juu kuliko wote, usiopimwa kwa kipimajoto. Lakini moyo wa kuupokea ni ule ule. Mtu aweza kuja katika mafundisho akiwa na mawazo yake tayari: juu ya jirani wa kabila jingine, juu ya mjane anayesingiziwa uchawi, juu yake mwenyewe. Anatazama jicho tu, kama alivyozoea, na joto liko pale pale lisiloguswa. Akinyosha mkono na kugusa, huenda akakuta kinyume cha alichotazamia. Siku hiyo asiutafutie ukweli udhuru. Auache uingie, hata kama unamgeuza, maana kila ukweli, mdogo au mkubwa, una Bwana mmoja.